Bezaleli wa Yuda, Oholiabu wa Dani na Vijana Wanne wa Queen

Somo: Kutoka 31:1-11

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Katika somo la juma hili Mungu anamtajia Musa mafundi watakaoitengeneza hema ya kukutania, na kila anapotaja jina anataja pia baba na kabila: Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda, na pamoja naye Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Kwa miaka mingi nimelisoma fungu hili nikikimbilia dhahabu na mawe ya thamani, bila kujiuliza kwa nini Mungu, ambaye alikuwa amemjaza Bezaleli Roho wake, aone haja ya kutaja nyumba alikotoka. Tukumbuke kwamba jangwani Yuda ndio waliotangulia safarini na Dani ndio waliofunga msafara, na kwamba Dani mwenyewe alizaliwa na Bilha, mjakazi wa Raheli. Wa mbele na wa nyuma walikabidhiwa kazi moja.

Nikiwa katika kuitafakari habari hiyo nililikumbuka kundi la muziki la Queen la Uingereza, ambalo baadhi yetu tulilisikiliza ujanani kabla ya kuokoka, na wengine (nakiri) tunalisikiliza hata leo tukipiga pasi. Siwaleti hapa kama kielelezo cha utakatifu. Ninachokitazama ni malezi yao tu, kwa sababu ni vigumu kuona jinsi nyumba nne zilizotofautiana kiasi hicho zingeweza kutoa sauti moja.

Farrokh Bulsara, mwimbaji wao ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, watu wa India wenye asili ya Uajemi, wa dini ya Zoroasta, baba yake akiwa mtunza fedha serikalini. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Feltham, pembezoni mwa London. Alipofariki mwaka 1991, makuhani wa Kizoroasta ndio walioongoza mazishi yake. Roger Taylor, mpiga ngoma, alikulia Cornwall, akaimba utotoni katika kwaya ya kanisa kuu la Truro, kisha akaja London kusomea udaktari wa meno.

Kwa Brian May sina budi kukaa kidogo. Alikuwa mtoto pekee, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za kununua gitaa zuri, mwaka 1963 yeye na baba yake, Harold, walianza kulitengeneza wenyewe, kazi iliyowachukua kama miaka miwili. Shingo waliichonga kutoka ubao wa zamani wa meko ya kuotea moto, springi walizitoa katika injini ya pikipiki kuukuu, na alama za kuongozea vidole zilitokana na vifungo vya gamba la chaza vilivyokuwa katika kisanduku cha kushonea cha mama. Baba huyohuyo aliyeshika randa pamoja na mwanawe alisikitika sana kijana alipoacha masomo ya uzamivu ya elimu ya nyota ili afuate muziki. Shahada yenyewe aliipata mwaka 2007, akiwa na miaka sitini.

John Deacon, mpiga besi kutoka Leicestershire, alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Alisomea elektroniki, na mwaka 1972 aliokota bodi ya saketi iliyokuwa imetupwa katika taka, akaiunganisha na spika ndogo kuwa kikuza sauti. Hicho ndicho kifaa ambacho Brian alikitumia kwa miaka mingi kulifanya gitaa lake litoe sauti kama za ala nyingine. Hebu tafakarini, wapendwa: gitaa lililochongwa na baba na mwana lilipitishia sauti yake katika kifaa kilichookotwa na kijana asiye na baba.

Wala tusidhani waliishi kama malaika. Waligombana kwa muda mrefu kuhusu nani ameandika wimbo upi, kwa kuwa mwandishi ndiye aliyepata fedha, mpaka albamu ya mwaka 1989 ilipotoka nyimbo zote zikiwa zimeandikwa kwa jina la kundi.

Ninayaandika haya kwa sababu miezi michache iliyopita alijiunga na kwaya yetu ndugu aliyelelewa katika kanisa ambako nyimbo huimbwa kwa kuitikizana, polepole, bila kitabu. Alipoanza kuitikia kwa namna ya kwao tulimwambia kwamba hapa hatuimbi hivyo, nami nilikuwa miongoni mwa waliosema. Alitii. Tangu siku hiyo anasimama mstari wa nyuma akiimba kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliye karibu naye hamsikii.

Kutoka 35:34 inaongeza kwamba Bezaleli na Oholiabu walitiwa moyoni pia uwezo wa kufundisha. Mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa kumi alasiri. Nimemwomba ndugu huyo afike saa tisa na nusu anifundishe kwanza mimi wimbo mmoja wa kwao, naye ameniuliza kama nina hakika.