Nilivyoifufua Land Rover 109 bila kuiacha juu ya mawe

Zunguka Moshi na vijiji vyake, huwezi kukosa kuona Land Rover iliyokufa. Iko nyuma ya nyumba au ubavuni mwa banda la ng'ombe, imekalia mawe manne, matairi yalishauzwa. Nyingi ya hizo hazikufa kwa ubovu. Mtu mwenye nia njema alizifungua zote kwa mpigo, hela ikakata, bolti zikapotea, na aliyefungua akasahau nini kilikuwa kinakaa wapi. Mimi si fundi. Nafundisha jiografia sekondari, na nilichojua kuhusu magari ni kubadili tairi na kuongeza maji kwenye redieta. Kwa hiyo nilipoamua kununua pikapu ya 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) nilijiwekea sharti moja: nafungua sehemu moja, naitengeneza, nairudisha, ndipo naenda nyingine. Kazi imekula miaka ya wikiendi na likizo za shule, lakini muda mwingi gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake lenyewe.

Ni Series III ya miaka ya sabini, kabini fupi, bodi ya nyuma wazi. Ilikuwa ya mkulima wa kahawa wa Kibosho aliyefariki, na watoto wake walichoka kuiona shambani. Kabla ya kugusa hata nati moja nilianza na karatasi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu, na hapo hakuna njia ya mkato. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, yeye ndiye anayeuza na kusaini, kisha mnakwenda TRA kubadili umiliki. Siku hiyohiyo piga msasa kwenye mshikio wa springi ya mbele kulia, pale chesisi ilipogongwa namba, ulinganishe na kadi. Magari haya yamebadilishwa sana vipande, na namba isiyolingana ni kesi unayoinunua kwa hela yako.

Kwa nini Land Rover na si Datsun au Pijo, ambazo nazo nazipenda? Kwanza, imefungwa kwa bolti karibu kila mahali. Madigadi, milango, boneti, paa la kabini, hata sakafu, vyote vinatoka kwa spana. Pili, bodi yake ni alumini. Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgao, hivyo wakatumia aloi ya alumini. Uamuzi wa dhiki ule ndio unaotufaa sisi leo: bodi haioti kutu. Inayooza ni chesisi, pamoja na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, hasa pale dereva anapowekea miguu.

Kuhusu spana: usiende na seti ya milimita. Sehemu kubwa ya bolti za gari hili ni za inchi, na spana ya 13 inakaribia tu kushika nati ya nusu inchi, kisha inailamba kona zote. Tafuta za 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Za zamani zilizotumika ni bora kuliko mpya za bei rahisi.

Sasa nije kwenye molasi, maana ndiyo niliyoifurahia kuliko yote. Vipande vidogo vya chuma, kama vishikio, bawaba, bolti ndefu na ngoma za breki, vilikuwa vimekuwa vyekundu tupu. Brashi ya waya inaondoa kutu ya juu na kuacha ile iliyojificha mashimoni. Sisi wa Moshi tuna kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, na molasi wanayo wanaouza chakula cha ng'ombe. Nilichukua pipa la plastiki, nikachanganya molasi sehemu moja na maji sehemu tisa, nikatumbukiza vyuma vyangu na kuweka kifuniko. Wiki ya kwanza huoni kitu. Ya pili, ukitoa kipande na kukisugua chini ya bomba, kutu inatoka kama tope na chini yake kuna chuma cha kijivu, safi hadi ndani ya uzi wa bolti. Haili chuma kizima, inakamata kutu tu, na kwa hiyo hata ukisahau pipa siku kadhaa hakuna hasara.

Ila harufu! Jua la Januari likiipiga, molasi inachachuka. Mke wangu alisimama mlangoni akauliza, "Baba Neema, umeanza kupika gongo?" Balozi wetu wa nyumba kumi naye alipita mara mbili, akanusa, akasalimia, akaondoka bila kusema neno. Lihamishie pipa mbali na nyumba. Na mambo mawili ya kuzingatia: usitumbukize alumini humo, inaliwa, kwa hiyo kabureta na vifuniko vya alumini vikae mbali. Halafu chuma kikitoka kisuuze, kikaushe na kukipaka oili au praima papo hapo. Kikikaa saa moja na unyevu, kutu inarudi mbele ya macho yako.

Chesisi niliipeleka kwa mzee mmoja wa kuchomelea, mtaa wa Majengo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshaingia chini ya gari na nyundo. Chuma kizima kikigongwa kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Alipofika kwenye boriti ya nyuma nyundo ikapita upande wa pili. "Mwalimu," akasema, "hapa hapana chuma. Hapa kuna kutu iliyopakwa rangi."

Chesisi ya Land Rover ni mraba wenye uwazi ndani, na inaoza kuanzia ndani. Tope linaingia, vitundu vya kutolea maji vinaziba, unyevu unakaa humo mwaka mzima. Ndiyo maana kubandika bati juu ya kidonda ni kazi bure. Mzee alikata hadi kufikia chuma kinachong'aa, ndipo akaunga bati jipya la milimita 3. Alifanya upande mmoja kwanza na kuumaliza, bodi ikiwa juu, ili chesisi isipinde. Kabla ya moto wowote nilitoa tenki la petroli, kwa sababu kwenye gari hili tenki liko chini ya kiti cha dereva, na nikafungua nyaya za betri na za altaneta. Baada ya hapo nilizibua vitundu vyote kwa waya na kumimina ndani oili chafu iliyochanganywa na grisi, ikapashwa moto kidogo ili itiririke. Ilivuja kwa wiki, uwanja ukachafuka, lakini ndani kuna ngozi ya mafuta.

Madigadi yalikuwa yamebonyea, na hapa mafundi wengi wa bodi hukimbilia puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde. Alumini ina tabia yake: ukiigonga inakuwa ngumu, ukiendelea inapasuka. Lazima uilainishe kwa moto, na tatizo ni kwamba haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Inakuwa nzima, nzima, halafu kuna shimo. Mbinu ya zamani ni sabuni. Paka sabuni ya mche juu ya sehemu iliyobonyea, pitisha moto wa gesi kwa mbali ukizungushazungusha, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, acha. Ikipoa, unaweza kuirudisha kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Puti niliyotumia baada ya hapo ni kidogo sana. Mipasuko sikuichomelea, niliweka kiraka cha alumini na ribiti. Kinaonekana. Hata vilivyotoka kiwandani vina ribiti zinazoonekana.

Injini ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na iligoma kuzunguka. Nilitoa plagi, nikamimina kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia ya otomatiki, kisha kila jioni nikapita kuisukuma handeli kwa mkono mmoja. Kwa mkono, si kwa uzito wa mwili, kwa sababu ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu hukatika. Jioni moja ikasogea kidogo, na kesho yake ikazunguka.

Silinda hedi niliifungua hata hivyo, kwa sababu moja. Injini hizi zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, na ile risasi ilikuwa inalinda vikalio vya valvu. Petroli ya namna hiyo nchi zetu ziliachana nayo kufikia 2006. Karakana ya kuchonga vyuma ikaniwekea vikalio vigumu upande wa ekzosi na kusaga uso wa hedi. Kuta za silinda zilikuwa nzuri, nikabadili ringi tu. Kazi ya kuchonga usijaribu nyumbani. Kazi ya kupima jifanyie. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25, nafasi ya pointi za kuwashia moto ni 0.35 hadi 0.40, mfuatano wa moto wa silinda ni 1-3-4-2, na ukiwa na geji za bapa, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, huhitaji kumwita mtu.

Kabureta ni Zenith, na wengi huitupa kwa sababu gari linakata-kata na kunywa mafuta. Ugonjwa wake unajulikana: kipande cha juu kinapinda kwa joto na petroli inapita mahali pasipotakiwa. Nilibandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikausugua uso wa kabureta taratibu hadi ukawa bapa, nikaweka gasketi mpya na kiringi cha mpira. Ikatulia.

Umeme uliniogopesha bila sababu. Rangi za waya zina lugha moja: kahawia unatoka betri moja kwa moja, mweupe unapata moto ukifungua swichi, kijani umepitia fyuzi, mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Taa zilikuwa zinafifia na honi inakoroma kwa sababu ethi ilipita kwenye bodi, na alumini ikikutana na bolti ya chuma kwa miaka mingi inafanya unga mweupe usiopitisha umeme. Nilivuta waya mmoja mnene kutoka betri hadi chesisi, mwingine hadi injini, na mwingine kuzipa ethi taa za mbele. Nusu ya matatizo yakaisha bila kununua kifaa.

Breki sikubahatisha: silinda za magurudumu, masta silinda na mipira yote mipya, kutoka Gerezani, Kariakoo. Mpira wa breki uliotumika haununuliwi, hata ukiwa na sura nzuri.

Rangi ilikuja mwisho, kijani iliyoiva niliyoikuta chini ya tabaka za bluu na nyeupe. Muhimu ni praima maalumu ya alumini. Ya kawaida hubanduka kama ganda la kitunguu.

Wengi wananishauri nitoe injini ya petroli niweke dizeli ya Toyota. Wana hoja, kwa sababu hii inakwenda kilomita 5 au 6 tu kwa lita, na ukipita 80 kwa saa hamsikilizani kabinini. Lakini hailali njiani na safari zake ni fupi: mbolea, majani ya ng'ombe, mikungu ya ndizi siku ya soko. Hela nyingi zilikwenda kwenye kuchomelea, kuchonga na matairi ya 7.50-16. Gia boksi sikuigusa. Inadondosha oili kidogo na inaingia gia zote.

Kilichobaki ni ekseli ya mbele. Ile mipira ya chuma ambayo magurudumu ya mbele hugeukia imeliwa na kutu, sili hazishiki, na mpya nitaziweka hela ikiruhusu. Kitabu cha gari kinataka oili humo ndani. Mzee wa Majengo akanijazia grisi laini, akafuta mikono kwa pamba na kusema magari yaliyobeba kahawa ya Kibosho yalitembea hivyo hivyo.