Nilivyolitafuta giza la mkahawani, Mji Mkongwe

Kabla sijaipiga picha ile ya mshairi mkahawani watu wanne walinishauri, na wote wanne waliniambia niongeze mwanga. Mmoja wao, mwenzangu tunayepiga naye harusi, alinitaka nibebe flashi mbili. "Mtu mweusi, chumba cheusi, utatoka na meno tu," alisema. Maneno hayo yaliniuma na bado yananiuma, maana ndiyo yanayoharibu nyuso zetu kwenye albamu nyingi za hapa kwetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Dada mmoja wa Unguja, mshairi, alikuwa anatoa diwani yake ya kwanza na alitaka picha ya jalada. Awe amekaa peke yake mkahawani, pembeni pawe giza, uso uchomoze gizani kama kwenye filamu. "Mtu akiitazama asikie harufu ya kahawa," aliniambia. Nilikubali palepale. Kwa miaka mingi nilikuwa naitafuta nafasi ya kupiga picha ya namna hiyo.

Niseme mapema ninachokiamini kuhusu ngozi zetu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana unaotoka upande mmoja. Mwanga wa hivyo ukigusa uso unaacha mng'aro laini shavuni, juu ya pua na penye mfupa wa nyusi, na mng'aro huo ndio unaouchora uso. Flashi ya usoni inaufuta wote. Kamera nayo inachangia kosa, kwa sababu mita yake ya kupimia mwanga hudhani kila inachokiona kina mwangaza wa kijivu. Ielekeze kwenye uso mweusi ndani ya chumba chenye giza, itavuta mwanga mpaka usiku uwe mchana. Basi zima otomatiki, upime mwenyewe ule mng'aro wa shavuni, na kilichobaki kiache kizame.

Mahali nilipata baada ya kuzunguka vichochoro siku tatu. Mkahawa mdogo wa ghorofani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukiegemea dirishani mkono wote unalala ukutani. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyake ni vyembamba na virefu, kwa kuwa dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana mkubwa. Wapiga picha wengi hulalamikia ufinyu huo. Mimi niliupenda. Ukipiga kwa urefu wa chumba, macho yanapita meza tatu kabla ya kufika kwa mtu, na zile boriti juu zinamfunga ndani ya picha. Lenzi ya mm 50 ilinitosha. Mama mwenye mkahawa nilimpa kama elfu hamsini hivi, pamoja na kahawa na visheti tulivyokula siku zote mbili.

Siku mbili, kwa sababu ya kwanza iliharibika yote.

Nilikuwa nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba mwanga mzuri wa uso ni wa dirisha la kaskazini. Wachoraji wa Ulaya walijenga vyumba vyao vya kazi wakiangalia kaskazini, na wapiga picha wakaurithi ushauri huo kama ulivyo. Mkahawa ule una madirisha pande mbili. Nikamkalisha dada upande wa kaskazini, saa nane mchana, mwezi wa saba. Alivaa gauni la kijani kibichi cha kukoza na mtandio wa hudhurungi. Nikaweka kikombe, nikapanga kiti, nikainua kamera. Jua likaingia moja kwa moja kupitia nondo za dirisha na kumchora milia usoni. Jicho moja limeungua kwa weupe, la pili halionekani. Nikahamisha kiti, jua likamfuata. Nikafunga mbao za dirisha, giza likawa tupu. Saa moja na nusu nilihangaika hivyo, dada akikunja macho na jasho likimtoka chini ya mtandio, mpaka nikamwomba radhi turudi kesho.

Tulipokuwa tunashuka, mzee muuza kahawa alikuwa amekaa barazani na dele lake, birika la kahawa. Alikuwa amenisikia nikigombana na viti huko juu.

"Mwanangu, mwezi huu jua liko upande wa kibla," akasema. "Wewe kaa upande wa kusi."

Nilisimama pale na kikombe mkononi nikajiona nimepewa ufunguo. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini karibu kabisa. Sisi tuko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini mwa vichwa vyetu, halafu linahamia kusini. Ulaya jua la mchana liko kusini mwaka mzima, ndiyo maana dirisha lao la kaskazini halipati jua kali. Kwetu mwezi wa saba dirisha hilohilo ndilo linalochomwa. Mwezi wa kumi na mbili ningekaa kaskazini kwa raha. Mzee yule hajawahi kushika kamera, ila anajua kila saa kivuli cha baraza kitakuwa wapi, maana riziki yake imo humo.

Kesho yake tulikuja baada ya sala ya alasiri, wateja wa chakula cha mchana wameshaondoka na wa jioni bado. Dirisha la kusini linatazamana na ukuta mweupe wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro, na jua la kutoka kaskazini-magharibi lilikuwa linaupiga ukuta ule sehemu ya juu. Chokaa ikawa inarudisha kwetu mwanga mpana, laini, wa bure. Hakuna kiakisi cha kununua kinachoufikia. Nikafunga mbao za chini za dirisha na kuacha za juu wazi, mwanga ushuke kwa mshazari. Kwenye shavu la upande wa kivuli kikatokea kile kipembetatu kidogo cha mwanga ambacho wapiga picha hukiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Nilipokiona niliacha kuzungumza.

Lakini upande wa kivuli haukuwa mweusi vya kutosha. Kuta za ndani nazo ni nyeupe, zinarudisha mwanga pale usipoutaka. Hapo ndipo ulipofanya kazi mzigo nilioununua sokoni Darajani: mita tatu za kitambaa cheusi cha mabuibui. Nikakitundika kwenye kamba, karibu na bega lake la kushoto, nje kidogo tu ya picha. Shavu likazama palepale. Mwenye duka la picha aliniambia ninunue taa ya shilingi laki kadhaa, na kilichonifaa kilikuwa kitambaa cha elfu chache.

Kisha moshi. Filamu hutumia mashine kukijaza chumba ukungu ili mwanga uonekane hewani. Mimi nilikwenda kuazima chetezo, chombo cha kufukizia ubani, kwa mama yangu. Mara ya kwanza nilitia ubani mwingi, na pangaboi lilikuwa linazunguka, na upepo wa kusi unaingia dirishani. Moshi ukakimbilia ngazini, dada akakohoa, chumba kikabaki kama kilivyokuwa. Tukazima pangaboi. Zile mbao za chini nilizokwisha kufunga zikapunguza upepo. Nikatia punje tatu tu za ubani, chetezo nikakiweka sakafuni nyuma ya meza ya mbali, mbali na kitambaa, tukasubiri kama dakika tano bila mtu kutembea. Moshi ukatulia, ukatandaa, na mwanga wa dirishani ukaonekana umelala hewani kama shuka. Mvuke wa kahawa nao, ambao kwenye joto letu ni shida kuonekana, ulijitokeza kwa kuwa nyuma yake palikuwa na weusi na mwanga unaupiga kwa ubavu. Kahawa lazima iwe imetoka kwenye dele lenye makaa wakati huohuo. Tulibadilisha vikombe sita.

Taa ya mezani nyuma yake ilikuwa na balbu ya rangi ya moto, ile ya 2700K, na kamera nikaiweka kwenye rangi ya mchana ili taa ibaki na wekundu wake wa chungwa. Angalia kasi ya shata, yaani muda kamera inaobaki wazi, ukiwa na balbu za LED: umeme wetu ni wa hezi 50, na nyingi za bei nafuu zinapepesa bila wewe kuona. Ukienda 1/250 ya sekunde unaweza kupata mistari kwenye picha. Nilikaa 1/100, tundu la lenzi f/2, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 1600.

Kuhusu uso wenyewe, rafiki zake walimwambia atabasamu. Nilimwomba asome shairi lake moyoni, beti kwa beti, bila kufumbua kinywa. Shairi la mizani kumi na sita lina kituo katikati ya kila mshororo, silabi nane kisha nane, na mtu aliyezoea kulighani hupumzika pale hata akiwa kimya. Macho yanatulia, kidevu kinashuka kidogo. Nilijifunza kukisubiri kituo hicho. Nilibonyeza pale tu, si zaidi ya mara moja kila mshororo, na juu ya kichwa chake niliacha giza tupu kwa ajili ya jina la kitabu.

Tulipofika ubeti wa nne hivi, chini kichochoroni yule mzee akaanza kugonganisha vikombe vyake kuita wateja. Dada hakugeuka. Aligeuza macho tu, kuelekea dirishani, na mwanga ukamwingia yote mawili.

Hiyo ndiyo iliyokaa kwenye jalada. Nakala ya kwanza tulimpelekea mzee barazani, akaishika mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama kikombe kile mezani ni chake.