Nilivyofanya picha za leso zionekane Google

Mteja wa leso, yaani khanga, hatafuti rangi kwanza, hutafuta jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Ameiona leso harusini Likoni, ameyashika maneno yaliyo chini ya mji (sehemu ya kati ya leso), akifika nyumbani anayaandika vile vile kwenye Google: leso wema hauozi. Tovuti ninayoitunza, ya duka la leso hapa Biashara Street, Mombasa, ilikuwa na mamia ya picha, na kwa maneno ya namna hiyo hakuna hata moja iliyotokea. Jina lilichapwa kwenye kitambaa tu. Kwenye ukurasa halikuandikwa popote. Google huweza kusoma baadhi ya maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini usiliweke tegemeo hapo. Kitambaa kina mikunjo, herufi zimelala upande. Yanayoaminika ni maneno yaliyoizunguka picha.

Nilianza na majina ya faili. Picha zilikuwa zikitumwa kutoka dukani kwa WhatsApp, basi zilifika zikiitwa IMG-20230614-WA0012.jpg na kadhalika. Hasara hapo ni mbili: jina halisemi kitu, na picha imeshabanwa kabla hujaigusa. Sasa hutumwa kama dokyumenti, hivyo hufika na pikseli zake zote. Jina nililolichagua ni la mtindo huu: leso-wema-hauozi-nyekundu.jpg. Herufi ndogo, kistari kati ya maneno, pasiwe na nafasi. Ila jina la faili ni dokezo dogo tu kwa Google, kwa hiyo picha zilizokuwa tayari zinaleta watu niliziacha na majina yake mabaya. Kubadilisha jina ni kubadilisha anwani, na Google hurudia kuzikagua picha polepole kuliko kurasa. Ukilazimika, weka uelekezaji wa 301, unaompeleka mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya.

Kazi yenyewe iko kwenye alt, yale maandishi mbadala ambayo pia husomewa mtu asiyeona. Nilikuta kila picha imebandikwa maneno yale yale: leso khanga leso Mombasa bei nafuu. Hayo ni kurundika maneno, hayamsaidii yeyote, na Google yenyewe inakataza. Nikaziandika upya moja moja, kama ninayemweleza shangazi kwa simu leso asiyoiona:

alt="Leso doti nyekundu na nyeupe, mji wa korosho, jina Wema hauozi"

Jina likae humo, na pia kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye maelezo chini ya picha. Neno khanga nililiweka kwenye maelezo, maana Dar es Salaam ukisema leso watu wanaelewa kitambaa cha mkononi. Kisutu, leso ya harusi, mara nyingi hakina jina. Hapo aina yenyewe ndiyo inayotafutwa, pamoja na neno harusi. Picha za mapambo, kama mstari wa kutenganisha sehemu za ukurasa, nimeziachia alt tupu.

Uzito wa picha ndio ulionichukua muda zaidi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000 na megabaiti 3 hadi 5, na mteja anayeifungua kwa bando anasubiri. Kwenye simu hiyo hiyo picha inakaa katika upana wa pikseli 400 hivi za ukurasa. Hata skrini iwe na msongamano wa mara 3, pikseli 1200 zinatosha. Kila picha nikaitolea nakala 3, za upana wa 400, 800 na 1200, nikaziorodhesha kwenye msimbo wa picha, katika srcset pamoja na sizes, kivinjari kichague inayokifaa. Nilitumia Squoosh, zana ya kubana picha, umbo la WebP, ubora 75, na nakala kubwa ikashuka hadi kilobaiti 150 hivi. Leso haibaniki kirahisi kama picha ya bahari: nukta za pindo na mistari ya mji zinakula kilobaiti, kwa hiyo usilazimishe 40 ukaharibu bidhaa.

Kuna kosa hapa ambalo wengi hawalioni. WebP ya kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huipunguza hadi nusu kwa kila upande. Jina la leso likiwa jekundu juu ya nyeusi, mwanga wa rangi hizo mbili unakaribiana, na kinachotofautisha herufi na kitambaa ni rangi tupu. Ikipunguzwa, kingo za herufi zinavuja kama wino kwenye karatasi yenye maji. Basi picha ya leso nzima naiweka WebP, lakini ile ya karibu, inayoonyesha jina peke yake, naitoa kwa JPEG ya ubora 85 huku nimezima upunguzaji wa rangi. Inakuwa nzito kidogo, na inasomeka.

Baada ya yote hayo, nusu ya picha bado hazikuingia Google. Sababu zilikuwa mbili, zote za kiolezo cha tovuti. Picha za ukurasa wa mbele zilikuwa zimewekwa kwa CSS, msimbo wa mapambo ya ukurasa, kama mandhari ya nyuma, na Google haiziorodheshi picha za CSS. Nikazihamishia kwenye img, lebo ya kawaida ya picha. Za pili zilikuwa zinasubiri mtu ateremshe ukurasa ndipo hati ya JavaScript izivute. Roboti ya Google haiteremshi ukurasa, kwa hiyo haikuziona kamwe. Nikaitoa hati hiyo, nikatumia loading="lazy" ya kivinjari chenyewe, inayochelewesha picha hadi zikaribie kuonekana, isipokuwa kwa picha ya kwanza. Ya kwanza ndiyo inayopimwa. Google inataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5, na ukiichelewesha picha hiyo umejifungia mlango. Niliipa fetchpriority="high", kivinjari kiivute mapema. Kila img ina width na height, ukurasa usiruke wakati mtu anasoma bei.

Ramani ya tovuti yenye picha, faili linaloiorodheshea Google anwani zake, ni kazi ya dakika chache. Data ya bidhaa, maelezo yanayoandikwa kwenye msimbo wa ukurasa ili Google iyasome, yenye bei kwa KES na kama leso ipo au imekwisha, inafaa zaidi, kwani matokeo ya picha huweza kuonyesha kwamba hicho ni kitu cha kuuzwa. Leso ikiisha ukurasa haufutwi. Unaandikwa imekwisha, na chini yake zinawekwa leso zinazofanana nayo. Ukiufuta, picha inaondoka na watu wake.

Kwa kupima, naingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, sehemu ya utendaji, nabadilisha aina ya utafutaji iwe picha. Takwimu zinakaa miezi 16, kwa hiyo nalinganisha miezi 3 na miezi 3 iliyotangulia, si wiki kwa wiki. Ninachokiangalia kwanza ni maneno yaliyoonekana mara nyingi bila kubofywa. Mara nyingine picha imekatwa vibaya, jina halionekani kwenye kijipicha. Mara nyingine ni jina la leso iliyoko ghalani ambayo haijawahi kupigwa picha, na Google imeonyesha inayokaribiana nayo. Orodha hiyo naipeleka dukani, na kesho yake leso inatundikwa barazani, imenyooshwa, pindo zote nne ndani ya fremu, kabla ya saa tatu asubuhi. Jua la mchana hugeuza wekundu wa leso kuwa bapa moja, na korosho za mji zinapotea.