Msumeno wa meza: hendeli ya kupandisha bledi imeachia

Hatimaye hendeli inazunguka kwa vidole viwili. Mashine ni ya inchi 10, ya kabati la chuma, mota inaning'inia chini ya meza, na bledi hupandishwa na parafujo inayosukuma gia ya tao, yaani gia ya kipande cha duara chenye meno. Mizani ya samaki iliyonasishwa kwenye mpini wa hendeli ilikuwa inasoma kilo 6 bledi ikipanda. Sasa haifiki 2. Pima unapopandisha, maana kushuka mota inasaidia kwa uzito wake na mizani itakudanganya.

Waya umechomolewa ukutani, bledi imetolewa, pembe iko 0. Hayo yanajulikana.

Kabla ya kufungua chochote, isikilize inavyokaza. Ikikaza mahali pamoja tu katika safari nzima ya bledi, kuna uchafu ulioshindiliwa kwenye meno machache ya tao, au jino limeumia. Ikikaza mara moja kwa kila mzunguko wa hendeli, shafti (fimbo inayozungushwa na hendeli) imepinda. Ikikaza sawasawa kutoka chini mpaka juu, usihangaike na meno: angalia kitasa cha kufungia kilicho katikati ya hendeli, kola (pete inayofungwa kwenye shafti isitembee), bushi (kibomba ambamo shafti inazunguka), au gia zilizobanana kupita kiasi.

Hii ilikuwa na magonjwa mawili. Ilikaza kote, na robo ya juu ikazidi. Ugonjwa wa juu ulikuwa mwepesi. Kazi nyingi ni mbao za inchi 1, bledi haifiki juu mara kwa mara, na meno ya mwisho ya tao hujaa unga wa paina uliolowa utomvu, ukakauka ukawa mgumu kama kigae. Mafuta ya taa, dakika 10, kisha brashi ya waya za shaba. Ya chuma inachuna meno. Parafujo husafishwa kwa mswaki wa zamani huku hendeli ikizungushwa kidogo kidogo. Kompresa iwe mwisho. Ukianza na upepo, unga wote unahamia kwenye mota.

Robo ya juu ikalainika. Ule ukazaji wa kote haukutikisika: kilo 4, chini, katikati, juu. Inaudhi, kwa sababu kila fundi akiambiwa hendeli ngumu anakimbilia meno, na meno yenyewe sasa yanang'aa.

Kitasa kililegezwa mpaka mwisho, hakuna tofauti. Zikafuata gia. Parafujo imeshikwa na bushi ambayo tundu lake haliko katikati. Ukiizungusha, parafujo inasogelea tao au inaliacha. Weka gogo chini ya mota kwanza, la sivyo gia zikiachana mota inaporomoka na mkono wako uko humo. Gia zimeachana, shafti iko peke yake haibebi chochote, na bado nzito! Basi tatizo limebaki kwenye kipande kifupi nyuma ya hendeli.

Pini ya springi inayoshika parafujo ilitolewa kwa punchi ya mm 5, shafti ikiwa imelazwa juu ya kipande cha mninga isipinde. Kola ikalegezwa kwa alenki, ufunguo wa pembe sita. Shafti ilipochomoka ilikuwa na pete nyeusi ngumu: grisi ya zamani iliyokandwa na vumbi laini. Na washa, kile kipete bapa kati ya kola na bushi, ilikuwa imelika upande mmoja mpaka kola ikawa inasaga bushi yenyewe.

Shafti ilipigwa msasa namba 400, kisha 600, kung'arisha tu. Bushi ya shaba usiiguse kwa msasa ndani. Ifute, halafu iloweke kwenye oili ya cherehani, kwa kuwa shaba ya aina hii ina vitundu vinavyonywa oili. Washa mpya. Kola ina siri yake: weka karatasi ya kuandikia kati yake na washa, sukuma, kaza skrubu, kisha chomoa karatasi. Umeacha nafasi ya kama mm 0.1, inatosha.

Kwenye meno, grisi marufuku. Inakamata unga na kugeuka uji wa kusagia chuma. Makopo ya kupuliza ya kulegeza kutu ni ya kusafishia, hayakai. Nta ya samani iliyokauka na kufutwa inashinda yote hayo, na bei yake ni ndogo.

Gia zilirudishwa zikiwa na mchezo (ulegevu) wa kama sm 1 ukingoni mwa hendeli. Bila mchezo zinabanana upya. Mchezo huo unaufuta kwa kumalizia kipimo ukipandisha, kamwe usimalizie ukishusha.

Mpango ulikuwa kuhamia kwenye reli ya kuongozea ubao. Umeahirishwa, kwa sababu hendeli laini imeleta tamaa ya kuichora alama za milimita, na alama hizo haziwezekani: mkono wa bledi unazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo raundi moja chini hailingani na raundi moja juu. Badala yake kinachongwa kipimo cha mvule chenye ngazi za mm 5 hadi 50, kinachosimama juu ya bledi kwa miguu miwili. Ngazi ya 20 imetoka 20.4, inasubiri msasa.