Kwa Nini Godoro Linakufuata Kutoka Kondele

Ukitafuta bei ya godoro asubuhi ukiwa kwenye matatu ya Kondele, jioni utalikuta godoro lile lile juu ya matokeo ya Gor Mahia. Huo si uchawi. Tovuti ya duka na tovuti ya michezo zote mbili zimebeba msimbo wa kampuni moja ya matangazo, na kampuni hiyo iliacha kidakuzi, yaani faili dogo la kukutambua, kwenye kivinjari chako. Kila inapokiona tena, inajua ni wewe.

Mwaka 2020 Google ilitangaza kwamba itaviondoa vidakuzi vya aina hii kwenye Chrome. Ikaahirisha mara kadhaa, na Aprili 2025 ikasema mambo yatabaki yalivyo. Basi zuia mwenyewe: vitone vitatu juu kulia, Mipangilio, Faragha na usalama, kisha vidakuzi vya washirika wengine (ndivyo hivi, vya kampuni isiyo mwenye tovuti uliyofungua), uchague kuvizuia. Chache zitakazoharibika ni tovuti zinazoingiza video au fomu ya malipo kutoka kwingine: ukurasa unakwama, au unaambiwa uingie upya kila mara. Usifungulie kila kitu kwa sababu ya moja. Gusa alama iliyo kushoto kwa anwani, ruhusu vidakuzi kwa tovuti hiyo tu.

Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea kivinjari kazi. Firefox inapokea, na humo uBlock Origin ndiyo ningeanza nayo. Inazuia matangazo kabla hayajapakuliwa, kwa hiyo hata bando linadumu zaidi. Ukipandisha ulinzi wa Firefox hadi kiwango kikali, tarajia tovuti moja moja kugoma. Kuna swichi ya kuuzima kwa tovuti hiyo pekee.

Saiba, kwenye kompyuta za kukodi, ndiko watu hujidanganya zaidi. Unafungua Hali fiche (Incognito), dirisha lisilohifadhi historia, unaingia iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, unachapisha cheti cha PIN, namba yako ya kodi, unafunga kichupo, unaondoka. Kumbe madirisha yote ya Hali fiche ya kivinjari hicho yanatumia kikao kimoja. Aliyekutangulia akiacha dirisha lake limejificha chini, vidakuzi vyako havijafutwa, na akaunti yako bado iko wazi kwa atakayekalia kiti. Toka kwenye akaunti kwanza, halafu funga madirisha yote. Cheti chenyewe bado kipo kwenye folda ya vipakuliwa. Kifute, kisha ufute na kwenye pipa la taka. Isitoshe, Hali fiche haimfichi mwenye mtandao tovuti unazotembelea, wala haizuii programu ya kunasa herufi unazobofya.

Hata hivyo, ukiwa umeingia kwenye akaunti ya Google, utafutaji wako unaandikwa huko, hata ukizuia vidakuzi vya washirika wengine. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya shughuli za wavuti na programu. Weka zijifute kila baada ya miezi 3. Chaguo zingine ni 18 na 36.

Programu za simu nazo hazijali mipangilio ya kivinjari hata kidogo. Hizo hutumia kitambulisho cha matangazo cha Android: fungua mipangilio ya simu, Google, Matangazo, ukifute.