Jinsi nilivyopima mchaichai kwa panya wa maabara hapa Mtwara

Nilipoanza kuchunguza iwapo mchaichai unapunguza wasiwasi, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: wanyweshe panya dozi kubwa, na wakilala ujue dawa imefanya kazi. Aliyenishauri ananizidi elimu na umri, kwa hiyo nilimshukuru kwa heshima zote, kisha nikaenda kufanya kinyume chake. Panya aliyelala hajaondokewa na wasiwasi; amelala tu, na hata pombe ingemlaza.

Mchaichai huku umeota kando ya nyumba nyingi, na wazee huunywa jioni mtu anapozidiwa na mawazo. Nilichuma majani mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekwisha, kwa sababu ukianika msimu wa mvua hapa pwani ukungu huyawahi kabla hayajakauka. Panya weupe walitoka Dar es Salaam kwa basi, na konda alidai nauli iliyokaribia yangu. Mlinzi wetu alipowaona akauliza hao samaki nchanga weupe, ndivyo panya wa kuliwa wanavyoitwa huku, wananenepeshwa kwa ajili ya sherehe ya nani. Kibali cha kamati ya maadili kilihitaji subira kuliko kazi nyingine zote.

Kipimo nilichotumia ni msalaba ulioinuliwa, ambao ulithibitishwa kwa panya wa aina kubwa (rat) mwaka 1985 na kwa panya wa aina ndogo (mouse) mwaka 1987. Una njia nne, mbili zikiwa na kuta na mbili zikiwa wazi kabisa, na wangu niliuinua sentimita 50 kutoka sakafuni. Panya kwa asili hupenda kujificha lakini pia hupenda kupeleleza. Mwenye wasiwasi mwingi hukaa ndani ya kuta, na uliyempunguzia wasiwasi huthubutu kutoka nje. Unampa dakika tano, unahesabu muda aliokaa kwenye njia za wazi, na hapo hapo unahesabu ni mara ngapi ameingia kwenye njia zenye kuta. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayokuambia kama mnyama anatembea kama kawaida au amelegea, na ndiyo ambayo mshauri wangu aliiona kuwa ni kupoteza muda.

Msalaba wa kwanza ulichongwa kwa mbao, tena kwa pendekezo lake yeye yule, na fundi akaupiga vanishi ukang'aa kama kabati la bibi harusi. Nilijivunia, nikaupiga picha. Panya wakaukataa. Waliokunywa maji walijibanza ndani ya kuta, jambo nililolitarajia, lakini hata waliopewa diazepamu, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, walijibanza vilevile. Diazepamu ni dawa ya wasiwasi inayojulikana kuwatoa panya nje katika kipimo hiki, kwa hiyo isipoonekana kufanya kazi, mwenye kasoro si dawa wala mmea. Niliinama nikaunusa ule msalaba: vanishi juu, mkojo wa panya chini yake, umenywewa na mbao kwenye kila kiungo ambacho fundi hakukiziba. Kila panya alikuwa akikaribishwa na hofu ya mwenzake aliyetangulia. Nikautupa, nikaunda mwingine kwa bodi nyeupe za plastiki zinazopigwa kwenye dari, mabaki ya nyumba ya jirani, na gharama yake ikawa gundi na soda ya kijana aliyenikatia. Bodi hizo hufutika kwa spiriti iliyochanganywa na maji baada ya kila panya.

Msaidizi wangu wa kiume nilimtoa nje ya chumba, maana watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2014 kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa, huwatia panya msongo. Alinuna kidogo, nikampa kazi ya kuweka alama za rangi kwenye chupa ili mimi nisijue ipi ina nini. Simu niliyoifunga darini ilirekodi kila kitu, nami nilihesabu baadaye. Panya aliyekwisha kupimwa sikumrudisha msalabani, kwa sababu mara ya pili hata diazepamu hupoteza nguvu yake hapo.

Kwenye bodi za plastiki kundi la diazepamu lilitoka nje bila kusitasita. Kundi la mchaichai uliochemshwa halikutofautiana na kundi la maji, si kwa dozi ndogo wala ya kati, na kwa dozi kubwa panya walipunguza kutembea kote kote, yaani kulegea kule kule nilikoambiwa nikuite mafanikio. Brazil nako, mwaka 1986, chai ya mchaichai iliyojaribiwa kwa watu haikuonyesha kupunguza wasiwasi, kwa hiyo jibu langu la "hapana" nililiandika bila aibu. Mafuta ya majani ni suala jingine, kwani watafiti wa huko huko waliyaona yakifanya kazi kwa panya, na sitrali, kemikali inayoleta harufu ya mchaichai, hupotea na mvuke sufuria ikichemka. Sasa natafuta mtungi wa kutonesha mafuta hayo. Mshauri wangu amependekeza nichemshe kwa muda mrefu zaidi.