Sayatika: maumivu yalivyopanda kutoka unyayoni hadi kiunoni

Siku maumivu yalipotoka mguuni yakajikusanya yote kiunoni, niliingia kwa mtaalamu wangu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, nikiwa nimenuna. Kiuno kilikuwa kinauma kuliko juzi yake. Kijana huyo akaniuliza, "Na mguu je, mama?" Nikajisikiliza. Mguu ulikuwa umetulia. Akacheka, akaandika kwenye faili langu. "Yakipanda kuelekea mgongoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, tunakwenda vizuri. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha zoezi uniambie."

Mwenye sayatika, yaani maumivu ya neva (mshipa wa fahamu) yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni, akijua hilo kabla hajaanza mazoezi, atajiokolea wasiwasi mwingi. Sisi wagonjwa tunapima maumivu kwa ukali. Wataalamu wanaangalia kwanza yamefika wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na mashine yangu ni ya kukanyaga. Januari ni mwezi wa sare za shule, mafundi hatunyanyuki kwenye vigoda. Yalianza kama uchovu wa kiuno, ule unaoisha ukilala. Halafu asubuhi moja nimeinama nafagia uwanja kwa fagio la chelewa, nikapiga chafya, kitu kikashuka kutoka kalioni, nyuma ya paja, pembeni ya shavu la mguu, hadi kwenye dole gumba. Kilichoma kama nimemwagiwa uji wa moto. Toka hapo kukaa ikawa adhabu, na riziki yangu iko kwenye kukaa.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Mama mkwe alisema ni mshipa, jirani akasema ni baridi ya sakafu, mteja mmoja akanong'ona kuwa kuna mtu ananionea wivu duka. Nilichuliwa kwa mafuta ya karafuu na mama mmoja ambaye mikono yake ni mitamu, sikatai. Nilitoka kwake nimelegea, nikalala usingizi, kesho yake mguu uko palepale. Dawa za maumivu za hospitali zilinisaidia kulala, lakini tumbo likaanza kulalamika. Daktari ndiye aliyeniandikia karatasi ya kwenda idara ya mazoezi tiba.

Wengi tukisikia mazoezi tiba tunawaza kukandwa na kuwekewa mashine ya joto. Siku ya kwanza nilichofanyiwa zaidi ni maswali. Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Kuna ganzi sehemu unayokalia au sehemu za siri? Ni mguu mmoja au yote miwili? Umekonda? Homa, jasho la usiku, kikohozi? Nikamuuliza, "Daktari, kikohozi na mgongo wapi na wapi?" Akaniambia kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo na kuzila, na mgonjwa wa namna hiyo anahitaji dawa za TB kwanza. Na aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, au aliyekufa ganzi pale pa kukalia, huyo ni dharura: anatakiwa awahishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu neva za chini zinabanwa na huenda akahitaji kupasuliwa.

Kisha akanilaza chali, akaunyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu ya njia, nikamshika mkono. Akaniambia nivute dole gumba kuelekea kwangu huku yeye analizuia kwa kidole chake kimoja. La kushoto lilimshinda nguvu, la kulia akalishusha bila taabu. Nilishtuka. Sikuwa nimegundua kwamba lina udhaifu. Akaeleza kuwa neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini, inakusanya mizizi inayochomoza chini ya mgongo, na mzizi wa pingili ya tano ya kiuno ndio unaohusika na kunyanyua dole gumba. Kila nilipokwenda alilipima dole hilo kabla ya jambo lolote. Udhaifu ungeongezeka, angenirudisha kwa daktari bingwa.

Nilikuwa nimebeba picha yangu ya X-ray kwenye bahasha kubwa, tena kwa kujivunia maana niliilipia. Akaitazama kwenye mwanga, akasema mifupa iko vizuri, ila diski, vile vijimto laini vilivyo kati ya pingili, na neva hazionekani humo. Nikauliza kuhusu MRI, kile kipimo cha picha kinachozionyesha. Akasema ina wakati wake: udhaifu ukizidi, au wiki sita za matibabu zikipita bila nafuu. Halafu akanitajia utafiti wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Kati ya wenye umri wa miaka 20, watu 30 katika kila 100 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Kati ya wa miaka 80, walikuwa 84 katika kila 100. Kwa hiyo picha peke yake ingeweza kunipa hofu bila kunionyesha njia. Kilichonituliza zaidi ni kusikia kwamba sayatika nyingi za namna yangu, za diski kubana neva, hupungua zenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache, kwa kuwa mwili unaweza kukinyonya taratibu kile kipande cha diski kilichotoka. Kulala kitandani siku nzima hakuharakishi.

Sasa mazoezi. La kwanza lilikuwa rahisi hadi nikalidharau: kulala kifudifudi. Dakika chache tu, mikono pembeni. Likizoeleka, unajiinua kwa viwiko. Likizoeleka hilo, unasukuma kwa viganja hadi mikono inyooke, kiuno na nyonga vimebaki mkekani, unashuka; mara kumi, kisha unarudia baada ya saa mbili tatu. Alinisimulia kwamba mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wa mguu akalale kitandani amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, naye akalala kifudifudi vilevile, mgongo umepinda kwa nyuma. McKenzie aliporudi alikuta mguu umeacha kuuma. Katika kuchunguza mambo ya aina hiyo ndipo alipojenga njia yake ya matibabu.

Tatizo langu lilikuwa wapi pa kulala. Duka lina mlango mmoja na pazia la kujaribia nguo. Nikatandika mkeka nyuma ya pazia hilo. Wateja walikuwa wanabisha hodi, wanasikia sauti yangu inatokea chini: "Karibu, kaa hapo kwenye benchi, nakuja!" Mmoja alifunua pazia akakimbilia nje kuita watu, alidhani nimeanguka.

Kazi kubwa kuliko mazoezi ilikuwa kubadilisha duka. Kijana aliniomba nimpigie mume wangu anipige picha nikiwa nashona, aitume. Kuiona tu, akacheka: kigoda changu kilikuwa kifupi, magoti yako juu ya nyonga, mgongo umekunjika mbele, shingo iko kwenye sindano. Ukikaa hivyo diski zinasukumwa kwa nyuma, zilipo neva, mguu nao huo unakanyaga mchana kutwa. Tukapata kiti kirefu zaidi na mto wa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Meza ya kukatia tukaipandisha juu ya matofali hadi usawa wa nyonga, nikaacha kukata nguo nimechuchumaa sakafuni. Na nikajiwekea utaratibu: kila nikimaliza mkono mmoja wa nguo, nasimama, viganja kiunoni, najinyoosha kwa nyuma mara kadhaa, narudi. Shati lina mikono miwili na kola, kwa hiyo sihitaji saa.

Nyumbani fagio lilifungwa mpini mrefu, na uwanja sasa unafagiliwa baada ya chai. Diski hunywa maji usiku tukiwa tumelala, asubuhi zimejaa; kuinama saa ya kwanza ya siku kunazibana zaidi kuliko kuinama mchana. Ndoo ya lita 20 niligawa kuwa mbili za lita kumi. Watoto walinisaidia wiki ya kwanza, wiki ya pili wakasahau, kama kawaida yao.

Mguu ulipotulia, mazoezi yakabadilika. Nikiwa nimekaa kitini nilinyoosha goti huku natazama juu, nikakunja goti huku nainamisha kichwa, polepole, ili neva iteleze mahali pake bila kuvutwa. Hapo kuna mtego. Ukivuta kwa nguvu kama unanyoosha msuli, usiku utajuta. Yeye alisisitiza tuishie pale panapoanza kuvuta tu. Kisha yakaja ya nguvu: kulala chali na kunyanyua makalio, kupiga magoti na mikono chini nikinyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake. Na kutembea. Jioni nilikuwa natembea kuelekea Kigurunyembe, mwanzoni hadi duka la pili la barabarani, baadaye hadi milima ya Uluguru ikaanza kunikaribia kweli.

Haikuwa safari ya kwenda mbele tu. Nilisafiri kwa basi kwenda msibani Tanga na mguu ukawaka upya. Nililala kifudifudi chumbani kwa shangazi, watu wakidhani ninalia, na kesho yake maumivu yalikuwa yamepanda hadi kalioni. Siku hizi basi likisimama popote, nashuka.

Dole gumba lilirudisha nguvu. Ganzi kidogo imebaki juu ya unyayo. Kijana aliniambia neva hupona taratibu kuliko msuli, nisihesabu siku.

Tangu wanione niko sawa, wateja wananiomba niwafundishe "lile zoezi la mkeka". Siwafundishi hivihivi. Kuna bibi mmoja muuza ndizi alikuja na malalamiko yanayofanana na yangu, lakini nilipomuuliza alisema miguu yote miwili inakufa akitembea, na anapata nafuu akiketi au akiinama kuegemea mkokoteni. Mimi nikiinama ndiyo naumia. Nikamwambia, "Bibi, usilale kifudifudi, nenda kaonwe." Alikutwa na njia ya neva iliyobana mgongoni, mambo ya uzee, na mazoezi aliyopewa ni kinyume cha yangu: analala chali na kuvuta magoti kifuani.